Farasi wa Baba

Kwenye karakana yetu mkeka wa kubeti huandikwa Jumamosi asubuhi, baada ya chai, kwenye kipande cha mbao kilichobaki. Sijui desturi hiyo ilianzaje. Nadhani ni kwa sababu karakana nzima haina karatasi safi hata moja, ila vipande vya mbao vimejaa tele, na penseli ya seremala nyumbani kwake ni kwenye mbao. Kila mtu anataja chaguo lake, kaka yangu mkubwa anaandika, halafu anavuka barabara na kibao chake kwapani mpaka duka la kubeti, utadhani anapeleka sampuli ya kabati kwa mteja.

Tuko wanne. Kaka ndiye seremala na ndiye msimamizi, na hilo huwezi kulisahau hata ukitaka, maana atakukumbusha. Mdogo wangu wa kiume tunamwita Kitasa, kwa sababu kazi yake ni bawaba, komeo na vitasa, na pia kwa sababu akiamua kunyamaza hakuna ufunguo unaomfungua. Mimi natengeneza makochi. Najaza sponji, navalisha vitambaa, napigilia misumari midogo ya mapambo, na misumari hiyo ikiwa mdomoni ndio wakati pekee wenzangu wanapumzika na maneno yangu. Wanasema wao, si mimi. Wa nne ni Baba.

Karakana ile aliijenga Baba kwa mikono ambayo sasa haimtii. Ulianza mkono wa kulia kutetemeka, ukafuata wa kushoto. Siku moja aliiweka patasi chini, akaipangusa, akaifungia kwenye sanduku lake la vifaa, na hakuishika tena. Hakutoa hotuba. Kesho yake alikuja saa ileile ya siku zote, akavaa aproni yake, akakaa kwenye kiti karibu na mlango. Mpaka leo anakuja. Sisi tunamuuliza mambo tunayoyajua tayari. "Baba, mbao hii imekauka?" Baba anaigonga kwa kidole, anaisikiliza, anasema bado kidogo. Kaka anakuwa ameshaipima kwa kile kifaa chake cha kupima unyevu. Baba si mjinga, anakiona kifaa kile kinachungulia kwenye mfuko wa Kaka. Lakini anajibu.

Kazi iliyobaki kuwa yake kweli ilikuwa moja tu, mkeka.

Yeye ndiye aliyetufundisha. Zamani kila mmoja wetu alikuwa akibeti kivyake, mechi moja moja, akishinda anajinunulia soda na kutamba. Baba alitukalisha kwenye benchi la kazi kama watoto wa shule.

"Ukicheza mechi moja yenye odi ya mbili," alisema, "ukiweka mia, ukishinda unapata mia mbili, unakwenda nyumbani. Ukiunganisha mechi mbili, zile mia mbili hazirudi mfukoni kwako. Zinaingia zote kwenye mechi ya pili. Hiyo ya pili ikiwa na odi ya tatu, ni mia sita. Ukiongeza ya tatu na ya nne, ni hivyohivyo. Odi hazijumlishwi, zinazidishwa. Ndiyo maana watu wanapagawa."

"Na moja ikigoma?" Kitasa aliuliza.

"Moja ikigoma, kwisha. Hata tatu zikipita na moja ikakwama, huna kitu. Hupati nusu, hupati hata pole. Mkeka umechanika."

Halafu akatueleza mkeka mwingine, ambao sisi tuliupa jina la mkeka wa kusamehe. Unachagua mechi nne lakini unasema, nikipata zozote tatu naridhika. Kompyuta ya duka inaukata mkeka wako kuwa mikeka minne midogo, kila mmoja una mechi tatu, na dau lako nalo linagawanywa mara nne. Mechi moja ikianguka, inakwenda na mikeka mitatu kati ya hiyo minne, maana imo kwenye mitatu yote. Unabaki na mmoja. Umesamehewa, lakini kwa robo ya dau. Baba alikuwa akiudharau. Alisema msamaha wa dukani huwa una bei, na bei yenyewe wameshaikata kabla hujaondoka dirishani.

Hata farasi alitufundisha. Ukitaka kutabiri wa kwanza na wa pili, unaweza kuchagua farasi watatu na kusema, wawili wowote kati ya hawa, kwa mpangilio wowote. Inaonekana rahisi mpaka uambiwe kwamba hiyo ni mipangilio sita, na unalipia yote sita. Kaka alihesabu kwa vidole akakataa, akaandika ubaoni, ikatoka sita. Mama, ambaye hajawahi kukanyaga duka la kubeti, alisema kamari ni kamari hata ukiipigia hesabu, akatuachia chai akaondoka zake.

Basi mkeka wetu ukawa wa aina moja: watu wanne, machaguo manne, dau moja, hela ya chai ya karakana ya wiki nzima, na wote wapite au wote waanguke. Aliyeuchana alikuwa halali yetu wiki nzima. Kaka aliwahi kuchana kwa timu iliyokuwa inaongoza mabao mawili, na kwa siku kadhaa kila alipopita tulikuwa tunamuuliza kama kabati analotengeneza litasimama mpaka dakika ya mwisho. Mimi nilipochana waliniambia nirudishe misumari mdomoni. Hata Baba hakuachwa. Kaka alikuwa anamwambia, "Mzee, umetuua tena, na mazishi utagharamia wewe," na Baba anacheka mpaka kiti kinalia.

Shida ni kwamba Baba alituua mara nyingi mno. Sisi watatu tulikuwa tunachagua mpira, yeye alikuwa anachagua farasi, zile mbio za nchi za mbali zinazoonyeshwa mchana kwenye runinga ya dukani. Na hakutaka farasi anayependwa na watu. "Farasi wa odi ndogo anamfaidisha nani?" alikuwa akiuliza. Alikuwa anamtafuta mmoja wa odi ya kutisha, ambaye akiingia kwenye mkeka unaona namba mpaka unaishiwa pumzi. Kisha mbio zinaanza, na farasi wa Baba anafika mwisho wa safari wakati wenzake wameshavuliwa matandiko na kumwagiwa maji.

Mwaka huo mashine yetu ya kuranda ilikuwa imechoka. Ilikuwa inazitafuna mbao badala ya kuzilainisha, na siku moja iliirusha mbao nyuma kwa nguvu, ikampita Kaka sentimita chache kutoka tumboni. Aliizima, akakaa chini. Fundi mmoja upande wa pili wa mji alikuwa anafunga karakana yake na anauza mashine nzuri, imetumika lakini bado ina nguvu. Kaka aliitaka mashine ile kuliko chakula. Hatukuwa na uwezo.

Jumamosi moja Kaka alikuwa ameshaandika kibao, mara akaingia mteja na mlango wa kabati mkononi, analalamika tangu getini. Kaka akaniona naangalia kibao. "Acha, nitakwenda mwenyewe baadaye," alisema, haraka kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Baadaye saa ngapi?" Baba alisema kutoka kwenye kiti chake. "Farasi hawamsubiri mtu. Mpe dada yako."

Kaka alinipa kibao kwa shingo upande. Nilivuka barabara. Dada wa dirishani, ambaye tunafahamiana kwa sababu nilimtengenezea kochi na bado analisifia, alikisoma kibao akaanza kugonga kwenye kompyuta.

"Leo umekuja wewe? Haya. Ni miwili kama kawaida?"

"Miwili ipi?"

"Si huu wa wanne, wa dau la chini kabisa, halafu ule wa watatu..." Aliinua macho akaniona uso, akaacha kugonga. "Jamani. Nilidhani unajua."

Nilijua wakati uleule. Mkeka wa wanne, wenye farasi wa Baba, ulikuwa unachezwa kwa hela ya pipi, ili Baba apate karatasi ya kuweka mfukoni. Dau lenyewe lilikuwa linakwenda kwenye mkeka mwingine, wa watoto watatu, bila yeye. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilimwambia dada anitolee mmoja tu, wa wanne, dau lote. Ulichanika mapema, farasi alianguka na timu ya Kitasa pia, kwa hiyo hasira zangu hazikumpotezea mtu chochote.

Kaka nilimbana nyuma ya rundo la mbao, Kitasa akiwepo.

"Umemtoa Baba kwenye mkeka."

"Sijamtoa. Mkeka wake upo, namletea mpaka mkononi, anauweka mfukoni, anaangalia mbio zake. Ameumia wapi?"

"Anadhani anacheza na sisi!"

"Punguza sauti. Tunahitaji mashine, wewe unaijua. Kwa farasi wale hatuipati mpaka tuzeeke. Nimwambie nini? Baba, mikono imekuacha, sasa na mkeka nao kaa pembeni? Mwambie wewe basi, mwenye mdomo."

Nikamgeukia Kitasa. "Na wewe ulijua?"

Kitasa alitazama bawaba aliyokuwa ameishika, akaifungua, akaifunga.

Nilipiga moyo konde nikaenda kwa Baba kumwambia. Alikuwa amekishika kitambaa cha kochi nililokuwa nalitengeneza, anakivuta taratibu kwa vidole vyake vinavyotetemeka, anaangalia kama nyuzi zitahimili. "Hiki kizuri," alisema. "Kitadumu kuliko mwenye kochi." Nilimwambia asante, nikarudi kazini. Jumamosi iliyofuata mikeka ikachezwa miwili, na mimi nikiwa najua. Nilijichukia, na nilimchukia Kaka zaidi, maana ni rahisi zaidi.

Wiki zikaenda hivyo. Kisha ikaja Jumamosi ile.

Kaka alichagua timu ngumu ya nyumbani, odi ya mbili. Mimi nilichagua sare, odi ya nne. Kitasa, ambaye mwaka mzima hasemi ila akisema anasema jambo la ajabu, alitabiri matokeo kamili, mbili kwa moja, odi ya kumi. Baba alitaja farasi wake. Mchana nilikwenda naye dukani, tukakaa kwenye viti vya plastiki chini ya runinga. Farasi alitoka vizuri mpaka Baba akaninyakua mkono. Halafu akachoka. Alimalizia akitembea, kwa kweli alitembea kabisa.

Baba aliitoa tiketi mfukoni, akaikunja, akaitia kwenye pipa la taka. Tuliporudi karakana alisimama mlangoni akasema, "Nimewaua." Alisubiri kidogo. Kaka alikuwa anapima ubao. "Haina neno, Baba," alisema bila kuinua kichwa. Kitasa naye akasema haina neno. Baba akavua kofia, akakaa kwenye kiti chake, na baada ya muda akaenda nyumbani mapema.

Jioni timu ya Kaka ikashinda. Mechi yangu ikaisha sare. Mechi ya Kitasa ilikuwa mbili kwa moja zikiwa zimebaki dakika nyingi, na zile dakika sitaki kuzisimulia, Kitasa alizimaliza amefunika uso kwa aproni. Filimbi ilipolia tukatazamana watatu pale mbele ya runinga ya dukani. Mbili mara nne mara kumi. Mara themanini ya dau. Na mashine ya yule fundi ilikuwa bei hiyo, pungufu kidogo tu ambayo Kaka angemlilia.

Kaka alirusha mikono juu, halafu akaishusha. Nadhani wazo lilitufikia sote kwa pamoja. Farasi wa Baba alishindwa mbele ya macho yake. Mtu aliyetufundisha kwamba moja ikigoma umekwisha, utamwambiaje kwamba mkeka umeshinda?

"Usiende kuzichukua hizo hela," nilisema.

"Umerogwa? Mashine yetu karibu initoe utumbo!"

"Basi mwambie ukweli."

Kaka alizunguka pale nje ya duka kama kuku aliyefungwa kamba. Mwisho akasema, "Ule wa kusamehe. Tunamwambia safari hii tulicheza ule wa kusamehe. Chaguo lake limeanguka, matatu yamesimama. Kwisha." Alifurahi kama mtu aliyepata msumari uliokuwa umepotea. Kitasa alinitazama. Nilipaswa kusema hapana. Nilisema nimechoka, nikaenda zangu.

Mashine ililetwa Jumatatu kwa mkokoteni, imefungwa turubai. Tuliisukuma ndani watu wote, hata mteja wa kabati akasaidia. Baba alisimama, akaizunguka, akapitisha kiganja juu ya meza yake ya chuma. Hata mkono wake ulitulia kidogo juu ya chuma kile cha baridi, au ni macho yangu.

"Imetoka wapi?" aliuliza.

"Mkeka, Baba," Kaka alisema, na sauti yake ilikuwa imeandaliwa. "Jumamosi tuliucheza ule wa kusamehe. Chaguo lako lilianguka, yetu matatu yakapita."

"Vizuri," Baba alisema. "Vizuri sana."

Akaketi. Kaka akaanza kufungua kamba za turubai, anapiga mluzi. Baba alikuwa anaitazama mashine, midomo inacheza taratibu bila sauti. Baba hana haja ya penseli kwa hesabu, aliwahi kuzipiga hesabu za dari nzima kichwani huku anakula. Mimi nilimwona, nikajitia misumari mdomoni.

"Wewe ulikuwa na ya mbili," alimwambia Kaka. "Dada yako nne. Huyu kichaa wetu kumi. Themanini."

"Ndiyo, Baba."

"Lakini kwa ule wa kusamehe dau linakatwa mara nne. Mnabaki na robo. Robo ya themanini ni ishirini." Aliongea polepole, bila ugomvi, kama anayetusaidia kutafuta kosa kwenye vipimo. "Mara ishirini ya dau letu inanunua mota tu ya mashine hii. Na mkanda labda. Au uliongeza dau?"

Alimfungulia Kaka mlango wa kutokea kabisa. Angesema ndiyo, niliongeza, na mambo yangeishia pale. Naamini Baba alitaka atokee humo. Kaka alikuwa ameshika kamba ya turubai kwa mikono miwili.

"Hapana," Kaka alisema. "Sikuongeza."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipoanza."

Baba alitikisa kichwa kukubali. Nilingoja hasira yake, na ningeshukuru angeitoa. Alishikilia mikono yake mapajani, mmoja juu ya mwingine, kama anavyofanya mtetemo ukimzidi.

"Nilijua kuna kitu," alisema. "Nimechana Jumamosi zote hizo na hakuna mtu aliyenitukana. Haina neno, Baba. Haina neno. Nikajisemea, wanangu wameanza kunihurumia kwa ajili ya mikono hii. Hilo lilinikaa hapa." Aligusa kifua. "Kumbe hata sikuwemo."

Ninayasikia maneno yale mpaka leo. Nililia hapohapo, sikujificha, misumari ikanitoka mdomoni ikatawanyika sakafuni. Kitasa akainama kuiokota, na mimi najua hakuinama kwa sababu ya misumari.

Kaka naye alipata sauti yake, ile yake halisi. "Baba, ulikuwa unatuua kila wiki! Kila wiki! Farasi mmoja, hata mmoja tu, angefika na wenzake! Mashine ya zamani ilikuwa inanitoa roho, na wewe unatafuta odi za kutisha! Ningefanya nini?"

"Hayo," Baba alisema. "Ungesema hayo hayo."

"Ningekuambiaje?"

"Kama ulivyosema sasa. Umeona, sijafa." Alivuta pumzi. "Mimi nimewafundisha, ubao mbovu mnautoa. Sikuwafundisha kuupaka rangi na kuuegemeza ukutani ili ujione uko kazini. Mnataka kunitoa, nitoeni. Mko sahihi, farasi wangu ni wabovu. Lakini mnitoe nikiwa nimekaa hapa, nawaona."

Baba aliinuka, akaomba awashiwe mashine aisikie. Kaka aliiwasha. Ilinguruma vizuri, sauti moja isiyokatika, na Baba akasimama karibu nayo ameinamisha sikio, akasema mtu aliyeiuza alikuwa anaitunza. Siku nzima ile tulifanya kazi. Mbao zilitoka laini mpaka unataka kuzilalia shavu. Kaka hakupiga mluzi tena.

Wiki ile Baba hakukosa kuja hata siku moja. Alikuwa mpole, anajibu maswali, anacheka panapochekesha. Ningependa angenuna. Nilimtazama Kaka akimtazama, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma kaka yangu, maana alikuwa na mashine aliyoililia na hakuwa na namna ya kuifurahia.

Jumamosi tukanywa chai. Kaka alikusanya vikombe mwenyewe, jambo ambalo si la kawaida, kisha akabaki amesimama, hajui aende wapi.

"Andika," Baba alisema. "Leta mbao, andika. Watatu."

Kaka alichukua kipande kilichotoka kwenye mashine mpya, kisafi, hakina hata chembe. Alikaa kwenye benchi. Akaandika timu yake. Mimi nikataja yangu, akaandika. Kitasa akataja yake kwa sauti ndogo, akaandika. Penseli ikabaki imesimama juu ya mbao. Baba alikuwa amekaa wima kwenye kiti chake karibu na mlango, macho kwa Kaka, anangoja kutolewa kama alivyoomba. Nje mteja alikuwa anauliza kama tumefungua.

"Farasi gani, Baba?" Kaka alisema.

"Nimesema watatu."

"Nimesikia. Farasi gani?"

"Atakuchania."

"Atachana. Nami nitakutukana mpaka majirani waje. Farasi gani?"

Baba akasimama, akaja mpaka kwenye benchi, akanyoosha mkono.

"Lete penseli," alisema. "Naandika mwenyewe."

Kaka akampa, akamsogezea kibao. Baba alikiegemea kwa kiwiko cha kushoto kisikimbie, akaanza. Penseli iliruka, ikakwaruza, ikarudi. Herufi ya kwanza ilikwenda upande, ya pili ikapanda juu ya mwenzake, akasimama, akapumzika, akaendelea. Ilikuwa kazi ndefu. Tulisimama watatu tumemzunguka, mikono yetu mizima imening'inia tu, na hakuna aliyemsaidia.